Valvu za Santuri na Kipimo cha Haki

Mwezi huu twapenda kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, nalo si jambo la kutuletea sifa. Ni habari ya valvu, yaani zile taa ndogo za kioo zilizomo ndani ya redio na vyombo vya santuri vya zamani. Yamkini wako watakaosema, "Mwalimu huyu ameishiwa na maneno ya maana, hata akatuletea habari za redio mbovu." Twawasihi mtuvumilie mpaka mwisho, kwa maana jambo hili lilianza kwa valvu likaishia kwa fedha za kwaya.

Katika nyumba ya mikutano ya usharika wetu kiko chombo cha kupigia santuri, kilichotengenezwa miaka ya 1960, nasi tulikirithi kwa wageni wa misheni walipoondoka. Kina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni meza izungushayo sahani, pamoja na sindano yake. Ya mwisho ni amplifaya kubwa yenye nguvu za kusukuma spika. Katikati yake pana kisanduku ambacho mafundi hukiita priamplifaya, yaani kitanguliacho amplifaya. Kazi yake ni kuipokea sauti changa na kuilea mpaka ipate nguvu ya kwenda mbele, kwa kuwa umeme utokao katika sindano ni mdogo mno, kama sehemu 5 katika 1,000 za volti moja. Ndani ya kisanduku hicho mna valvu 4: mbili za kuipokea sauti ya sindano, na mbili za kuipeleka kwa amplifaya, moja kwa upande wa kushoto na moja kwa upande wa kulia. Jumamosi jioni vijana wa kwaya huketi mbele ya spika wakisikiliza nyimbo, kila mmoja akifuata sauti yake, ya kwanza mpaka ya nne.

Mwaka 2018 kisanduku kile kilianza kuugua. Upande wa kushoto ulitoa mlio kama mafuta yakaangayo vitumbua. Siku nyingine ulinyamaza kabisa, siku nyingine ulikaanga toka mwanzo wa wimbo hata mwisho. Tena, hata tulipokizungusha kitufe cha sauti mpaka chini kabisa, nyimbo zilitoweka, lakini kukaanga hakukupungua. Jambo hili la kitufe lilikuwa shahidi mwema, nasi hatukumsikiliza. Habari zake zitakuja mahali pake.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze valvu ni kitu gani. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza yenye kupitisha umeme upande mmoja tu, na mwaka 1906 Mmarekani Lee De Forest akaongeza ndani yake kipande cha tatu, nacho ndicho kilichoiwezesha valvu kukuza sauti. Ndani ya kioo hewa imeondolewa. Katikati mna kathodi, nayo hutiwa moto na waya uwakao kama kaa. Kwa joto hilo elektroni huruka kutoka katika kathodi, zikavutwa na anodi iliyo pembeni yake. Baina ya hizo mbili umewekwa wavu mwembamba uitwao gridi. Sisi watu wa milimani twaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa mfereji wa kunyweshea migomba. Maji ya mfereji ni mengi yenye nguvu, lakini mtoto mdogo aliyeshika ubao wa lango aweza kuyazuia au kuyaachilia. Umeme wa sindano ni huyo mtoto, gridi ni ubao wa lango, na maji ni umeme mkubwa uendao kwenye anodi. Mtoto akichezesha ubao kidogo, maji huchezeka sana. Huko ndiko kukuza sauti.

Mwezi wa Desemba mwaka 1947, mafundi wa maabara ya Bell huko Marekani walivumbua transista, nayo kidogo kidogo ikachukua mahali pa valvu katika redio na vyombo vingi. Walakini valvu hazikufa. Mpaka leo ziko zitengenezwazo Slovakia, Urusi na China, kwa ajili ya wapiga gitaa na watu wapendao santuri.

Sasa, valvu zina koo na jamaa zao kama wanadamu. Valvu inayotumika sana katika visanduku hivi, watu wa Ulaya waliiita ECC83, na Wamarekani wakaiita 12AX7, nayo ni ile ile. Katika jina la Ulaya, herufi E yaonyesha kwamba waya wake wa moto wataka volti 6.3, na herufi C mara mbili zaonyesha kwamba ndani ya kioo kimoja mna valvu mbili za namna moja. Katika jina la Marekani, 12 yatuambia kwamba waya huo waweza kupewa volti kama 12 na nusu. Majina yote mawili yasema kweli, maana waya wenyewe umekatwa nusu mbili, na mtengenezaji aweza kuziunganisha kwa njia hii au ile. Nguvu yake ya kukuza huandikwa 100. Nduguye aitwaye 5751, aliyetengenezwa kwa kazi ngumu, ana 70. ECC81, ambayo ni 12AT7, ina 60. Na ECC82, ambayo ni 12AU7, haizidi 20. Zote zina miguu 9 ya namna moja, na zote huingia katika tundu moja.

Hapo ndipo penye kishawishi. Kwa kuwa zote huingia, mtu hutaka kuzijaribu zote. Wako watu duniani wafanyao hivyo mwaka baada ya mwaka. Huing'oa valvu ya nchi hii wakaitia ya nchi ile, kisha huandika kwamba hii ina sauti tamu kama asali na ile ina sauti kavu kama jiwe. Sisi tuliyasoma maandiko yao, yakatuingia. Tulisoma hasa sifa za valvu za kale zilizotengenezwa na Mullard huko Blackburn, Uingereza, na Telefunken huko Ujerumani, tukasadiki kwamba dawa ya kukaanga kwetu ni hizo tu.

Wakati ule kwaya ilikuwa imechanga fedha za kununua vitabu vipya vya nyimbo, kwa maana vya zamani vilikuwa vimechanika, na watoto watatu walitazama kitabu kimoja. Sisi tulisimama mbele ya wazee tukasema, "Vitabu vyaweza kungoja. Chombo kikifa, kwaya itajifunza kwa nini?" Tulinena kwa ujuzi mwingi. Tulitaja namba na majina ya viwanda, wala hapakuwa na mtu wa kutupinga, maana hapakuwa na aliyeyajua maneno hayo. Wazee wakakubali. Kijana mmoja wa usharika akaaye Ujerumani akatununulia ECC83 mbili za kale. Bei yake ilikula fedha za vitabu karibu zote.

Valvu zilipofika tuliwakusanya wanakwaya. Tukazing'oa zile mbili zilizopeleka sauti kwa amplifaya, zote za namba 5751, tukaziweka mpya mahali pake. Tukangoja zipate moto, tukapiga santuri. Lo! Sauti ilijaa nyumba. Tuliona kana kwamba waimbaji wamesogea karibu, na sauti ya nne imeshuka mpaka chini ya sakafu. Kukaanga nako hakukusikika siku ile. Tukawageukia wanakwaya, tukasema, "Mwaona? Kitu cha kale ni cha kale." Wote wakaitikia, isipokuwa mama mmoja aimbaye sauti ya pili, ambaye kazi yake ni kuuza maharage sokoni.

Akasema, "Mwalimu, samahani. Naona sauti imekuwa kubwa. Je, na utamu umeongezeka, au ni ukubwa tu?"

Tukamjibu, "Mama, utamu ndio huo unaousikia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nikikupimia maharage yangu kwa pishi, nikakupimia ya mwenzangu kwa kibaba, ukaja kusema yangu ni mengi, je, umeyasifu maharage au umekisifu kipimo?"

Watu wakacheka. Nasi tulicheka, lakini neno lile lilitufuata hata kitandani. Maana sisi wenyewe tulizijua namba: ya zamani ina 70, na mpya ina 100. Katika mahali pale pa kisanduku chetu, penye 7 zilizotoka zamani, sasa zilitoka karibu 10. Na sikio la mwanadamu lina udhaifu huu, kwamba nyimbo mbili zikiwa sawa kwa kila jambo, ila moja ina ukubwa kidogo, sikio haliiti ile "kubwa", laiita "nzuri". Tulikuwa tumepima kwa pishi na kibaba, kisha tukawatangazia watu jibu.

Juma la pili mlio wa vitumbua ulirudi, upande ule ule wa kushoto.

Ndipo tulipomwita fundi wa redio wa mjini, mtu mzima asiye na maneno mengi. Akauliza, "Mwalimu, mmezibadilisha hizi valvu mbili, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto?" Tukasema hatukufanya hivyo. Akazima chombo, akachomoa umeme ukutani, akangoja, kisha akazibadilishana mahali. Akawasha. Kukaanga kulibaki kushoto. Akasema, "Ugonjwa ungekuwa wa valvu, ungehama pamoja nayo. Haukuhama, basi ni wa nyumba." Tukamweleza habari ya kitufe, kwamba mlio haupungui sauti ikishushwa. Akatikisa kichwa, akasema, "Hilo lilikuwa linawaambia kwamba kosa liko mbele ya kitufe, si nyuma yake." Akaifungua sehemu ya chini, akatuonyesha kipande kidogo kuliko punje ya mhindi, rezista ya kaboni ya zamani, ambayo umeme wote uendao kwenye anodi hupita ndani yake. Rezista za namna hiyo zikizeeka huweza kukaanga umeme upitapo. Akazitoa zile za pande zote mbili, akalehemu mpya. Kukaanga kukaisha, wala hakujarudi. Bei ya rezista zile haikufika bei ya mkate mmoja.

Wasomaji, tungeweza kuishia hapo, tukawaambia wazee kwamba chombo kimepona, nao wangetushukuru. Neno hilo lisingekuwa uongo wa wazi. Lakini yule mama alikuwapo, akatukumbusha swali lake. Akasema, "Mlio umekwisha, Mwalimu. Na ule utamu je?" Basi tukakubaliana kuupima.

Tulitundika shuka mbele ya kisanduku. Fundi alikaa nyuma yake pamoja na jozi mbili za valvu, zile 5751 za zamani na zile ECC83 za thamani. Kila alipoweka jozi moja, alipiga sahani yenye mlio mmoja usiobadilika, akapima kwa mita umeme uendao kwenye spika, akakirekebisha kitufe mpaka namba ilingane. Kisha akapiga wimbo mmoja, ule ule kila mara. Aliamua kwa kurusha sarafu jozi ipi iingie, nasi hatukujua. Kazi yetu ilikuwa kusema, "Hii ni ya kale," au, "Hii si yenyewe." Yule mama alishika hesabu kwa maharage yake. Tukipatia, aliitia punje katika kikombe cha kulia. Tukikosa, katika kikombe cha kushoto.

Kazi ile ilichukua siku nzima, maana kila mara ilibidi kuzima, kungoja, kuchomoa, kuchomeka, na kungoja tena moto upate. Hapo tulijifunza jambo jingine. Mtu abadiliye valvu nyumbani kwake hulinganisha sauti anayoisikia sasa na sauti aliyoisikia dakika nyingi zilizopita. Sikio halina ghala ya kuweka sauti muda huo wote. Kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda kukubaliana na mfuko uliolipa.

Jioni tulihesabu maharage. Katika mara 10, tulipatia 5. Mtu kiziwi akikisia kwa kurusha sarafu, angeweza kutazamia hizo hizo. Hatusemi kwamba hakuna mtu duniani awezaye kuzitambua. Mara 10 ni chache, na masikio yetu si ya vijana. Twasema hivi tu: sisi tuliowaambia watu kwamba tofauti ni kubwa, sisi tulioshuhudia mbele ya wazee, hatukuweza kuitambua tofauti hiyo sauti zilipolinganishwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliwaomba wazee nafasi. Tukawaeleza yote. Tulisema kwamba fedha za vitabu tulizitumia kwa jambo tusilolipima, na kwamba tutazirudisha kidogo kidogo katika mshahara wetu. Mzee mmoja alisema, "Mwalimu, sisi hatukujua namba zako, ndiyo maana tulikuamini." Neno hilo lilituuma kuliko karipio. Ilituchukua miezi 9 kulipa. Vitabu vikanunuliwa, na leo kila mwimbaji ana chake. Kwa shauri la fundi, zile 5751 zilirudishwa kisandukuni, na zile ECC83 zimefungwa katika sanduku kuwa akiba, maana ni valvu njema. Kosa halikuwa lao.

Wala hatutaki mtu adhani kwamba valvu zote ni sawa. Ziko zilizochoka, ziko zenye kuunguruma, na ziko ambazo ukizigusa kwa ncha ya penseli hulia kama kengele katika spika. Hizo hazifai mahali pa sauti changa. Mwenye gitaa naye, azisukumaye valvu zake kwa makusudi mpaka sauti ikwaruze, huweza kusikia tofauti kubwa akitoka katika 100 akaenda 60 au 20. Kwa hiyo, kwa wale walio na vyombo hivi, twawapa maneno machache tuliyoyanunua kwa bei ghali.

Kwanza, ndani ya kisanduku hupita volti 250 na zaidi, na kapasita huushika umeme huo hata baada ya kuzima. Zima, chomoa umeme ukutani, ngoja mpaka kioo kipoe, wala usiingize mkono chini ya kisanduku kama wewe si fundi. Valvu yenyewe ivute wima kwa taratibu bila kuisokota, nawe uangalie ile nafasi iliyo wazi kati ya mguu wa kwanza na wa tisa kabla ya kuirudisha.

Pili, kuingia si kufaa. ECC82 huingia mahali pa ECC83, lakini ni valvu iliyozoea umeme mwingi kama mara 10 kuliko mwenziwe, na rezista zilizowekwa kwa ajili ya ECC83 humfanya akae kama mtu mnene katika koti la mtoto. Ajabu zaidi ni ECC88. Nayo ina miguu 9, lakini waya wake wa moto wataka volti 6.3 katika mguu wa nne na wa tano, mahali ambapo vyombo vingi vya ECC83 hupeleka 12.6. Tena anodi yake haipaswi kuzidi volti 130. Ukiiweka humo, waweza kuiua. Soma namba, usitazame sura.

Tatu, uonapo valvu ya kale yenye jina kubwa, ujue kwamba maandishi ya kioo hufutika, na wako watu waovu wafutao jina hili na kuandika lile. Valvu nyingi za Telefunken zina alama ya almasi iliyopigwa katika kioo chenyewe, chini, baina ya miguu; hiyo haifutiki kwa kidole.

Nne, badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ulinganishe kwa kipimo kimoja.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Sisi tulichagua jembe mwaka mzima, na shamba lilitungoja. Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kupima mambo yote kabla ya kuyashika, na sisi walimu twalifundisha somo hilo kila mara. Lakini ni rahisi kuyapima maneno ya wengine, na vigumu kuyapima ya kwetu, hasa tukiwa tumekwisha kuyanena mbele ya watu na kuyalipia kwa fedha zao.

Jumamosi iliyopita vijana walikuwa tena mbele ya spika, vitabu mapajani. Yule mama alifika amechelewa kutoka sokoni, akaketi, akauliza, "Mwalimu, leo ni valvu zipi?" Tukamjibu, "Zile zile, Mama." Akafungua kitabu chake, akaanza kuifuata sauti ya pili.